Rangi ya Gauni la Mwimbaji

Mpaka leo sijui gauni lile lilikuwa la rangi gani. Katika duka la vitambaa hapa Guangzhou, Uchina, dada wawili wa Mombasa niliokuwa nikiwatafsiria walitafuta kitambaa cha sare ya harusi kinachofanana na gauni la mwimbaji waliyemtazama kwenye video za muziki miaka ya themanini. Kontena la mizigo yao ya kusafirisha nyumbani lilikuwa lifungwe jioni ile.

“Jekundu,” alisema mkubwa, mama wa bi harusi.

“Buluu, dada! Wewe ulikuwa ukisinzia.”

Nikauliza televisheni yao ilikuwa ya aina gani. Wakatazamana.

“Ya jirani,” akasema mdogo polepole. “Nyeusi na nyeupe.”

Kila mmoja alikuwa amelipaka gauni rangi mwenyewe kichwani, na sikuona aliyekosea. Wakampigia simu bi harusi, akataka kijani. Mkubwa ndiye aliyemwambia mwenye duka akate kitambaa cha kijani.