Nani alikutuma kupanguza mate ya Baba?

Leo nimekasirika sana.

Nilikuwa nimemchorea Baba dume lake la ng'ombe, lile lilikufa na hii kiangazi. Nilitumia rangi ya maji, ile nzito inafunika karatasi kabisa. Ikikauka inapendeza, lakini ukiigusa na maji inayeyuka tena.

Nikampelekea kwake Noonkopir. Mzee akaangalia. Halafu akaitemea hiyo picha mate kidogo, ptu, ptu, vile wazee wetu Wamaasai hubariki kitu.

Matone madogo tu. Ningeyaacha hapo maisha yangu yote!

Sasa kaka yangu alikuwa amekuja na wageni wa ofisini kwao. Eti akaona aibu. Akachukua kitambaa chenye maji, akapanguza "huo uchafu".

Jamani. Kichwa chote cha dume kikaisha, ikabaki tope ya kahawia.

Nikapiga kelele. Yeye ananiambia, "Si utachora ingine?"

Baba akamwangalia. "Huyu atachora ng'ombe ingine. Lakini hii aibu umenionea mbele ya wageni, utaipanguza na nini?"

Hicho kitambaa niko nacho. Sikifui. Baraka ya Baba iko humo, na kaka asithubutu kukiitisha.