Mdomo wa Shangazi Penye Moto wa Vyungu

Sitasema uongo, shangazi wa mume wangu alinichosha tangu siku ya kwanza. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa bibi harusi mpya Mashewa, mtoto wa manamba, nimezaliwa kambini kwenye mashamba ya mkonge karibu na Korogwe, na ufinyanzi sikuujua hata kidogo. Wanawake wa ukoo wa mume wangu walifinyanga pamoja katika kibanda nyuma ya nyumba ya mama mkwe, na pale palikuwa na adabu zake. Huruki udongo wa mwenzako. Hugusi jiwe lake la kulainishia. Kazi ya mtu ikiwa bado haijachomwa, huikosoi. Na moto ukishawashwa, kimya mpaka uzimike.

Shangazi adabu hizo alizijua zote, na zote alizivunja. Shikamoo yangu haijamfika, keshakaa mahali pangu, keshachovya mkono kwenye kibuyu changu cha maji. Jiwe langu analichukua, akiondoka anaondoka nalo.

"Hilo ni tumbo la chungu au la mjamzito?" ananiuliza mbele ya watu.

Mama mkwe anakohoa. "Wifi, punguza."

"Nipunguze nini, kwani nimezidisha?"

Wengine wanainamia udongo wao, mabega yanatikisika kwa kicheko, na mimi mwenye hasira za karibu natafuna midomo.

Nilivumilia kwa sababu moja. Mgeni hapati nafasi yake ya kudumu kibandani mpaka chungu chake cha kwanza kitoke motoni kizima. Kikipasuka, wanasema moto umemkataa, naye atawachotea wenzake maji mpaka kiangazi kingine. Mtu ataona ni jambo dogo. Lakini mimi nilikuwa nimechoka kuitwa mtoto wa kambini, na nafasi ile niliitaka kuliko khanga mpya.

Siku ya kuchoma tulipanga vyungu juu ya kuni, tukavifunika kwa nyasi kavu. Shangazi akachelewa, kama kawaida yake, akaja mbio na mtungi wake na kuusukumiza katikati, ubavuni mwa chungu changu. Niliona kitako chake bado cheusi kwa unyevu. Lo! Lakini kazi ya mtu haikosolewi, tena na mimi, mgeni wa jana? Moto ukawashwa, tukanyamaza. Hata yeye alijitahidi, mdomo kauziba kwa khanga.

Halafu, pu!

Majivu yalipopoa mama mkwe akayafukua kwa mti. Mtungi umekuwa vigae vitupu, na chungu changu kina tundu la kupitisha ngumi. Na hapo ndipo penye adabu kubwa kuliko zote: vyungu vikivunjika, haiulizwi nani kaanza, maana watu watakaa tena pamoja kesho. Mama mkwe akanitazama kwa huruma.

"Pole, mwanangu. Moto ume..."

"Moto haujamkataa mtu!" Shangazi huyo. "Wangu ndio uliopasuka, nimeuleta mbichi. Si mnanijua? Tazameni tundu hilo, limetobolewa kutoka nje. Ni vigae vyangu. Kama kuna wa kuchota maji, ni mimi."

Mtu kujitaja mwenyewe penye moto! Hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo. Mama mkwe akashika kiuno, akatafakari.

"Haya wifi, debe lile pale," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe, kesho ukija, kaa pale anapokaa yeye."

Nilimkimbilia shangazi njiani, debe liko kichwani mwake. Nilitaka kumshukuru, nikabaki nalia tu kama mtoto. Nilimpenda mwanamke yule hapo hapo, na nampenda hadi leo, ingawa yuko kaburini. Akatua debe, akanifuta uso kwa pembe ya khanga iliyojaa majivu.

"Unalia nini sasa? Chungu chenyewe kilikuwa kimepinda mdomo," akasema. "Niliona haya kukwambia."