Barabara ya Gudveig, Macho ya Chama

Saa kumi alfajiri Gudveig Solbakk anapanda greda lake la theluji, anabana chupa ya kahawa magotini na kuanza kuifungua barabara ya mtaa wa juu. Theluji imemeza visanduku vya barua. Hilo dogo, wapo hapa wanaoapa kwamba mwaka fulani ilimeza kanisa, akabaki jogoo wa bati wa mnarani akiulizia njia.

Gudveig ameifanya kazi hii majira kumi na tisa ya baridi bila mtu kunung'unika. Kisha Februari chama cha siasa cha wafanyakazi kikamteua agombee kiti cha halmashauri. Anakitaka kiti hicho ili barabara ya kilima cha shule iwekewe kingo za usalama. Papo hapo mtaa wa juu, ngome ya chama pinzani cha wahafidhina, ukagundua kwamba hajui kuendesha.

"Barabara imemshinda, halmashauri ataiweza?" aliuliza jirani yake, mzee Torleiv, mbele ya watu dukani. Akamsifia Eilert, dereva wa mtaa wa chini, mhafidhina mwenzake. Mtaa wa chini nao, wa chama cha Gudveig, ulidai Eilert anawarundikia theluji milangoni makusudi.

Madereva hao wawili, marafiki wa siku nyingi, wakabadilishana njia kimyakimya, wakimwarifu msimamizi wao tu. Gizani nani angejua? Malalamiko hayakupungua hata chembe. Torleiv alimpigia msimamizi simu kushtaki kwamba Gudveig amemvurugia ua wa nyumba.

Ijumaa, kwenye meza ya kahawa ya pale dukani, Eilert akatoboa siri.

Torleiv alikoroga kahawa yake isiyo na sukari. "Kumbe ulikuwa wewe? Ndiyo maana pamesafishika vizuri."

"Mzee wangu," Gudveig akamwambia, "si jana tu ulisema pamevurugwa?"

"Jana nilidhani ni wewe."

Meza nzima ikaangua kicheko. Torleiv alicheka wa mwisho, lakini alicheka.

Kura ni Septemba. Sheria ya huku inamruhusu mtu kukipigia kura chama chake na bado kumpa kura mgombea wa chama kingine kwa kuandika jina lake kwenye karatasi hiyohiyo. Eilert ametangaza waziwazi kwamba ataandika la Gudveig. Torleiv hajaahidi kitu.

"Asinipende, sawa," anasema Gudveig, akipangusa kioo cha greda. "Kazi yangu ndiyo aitazame kwa macho yake mwenyewe. Hata mimi nilizoea kusema Eilert ana mkono mzito kwenye usukani, mpaka nilipopita njia yake nikaona alivyoitunza."

Kampeni zikianza ataomba kura mtaa wa juu, nyumba kwa nyumba, na ameshachagua pa kuanzia.

"Kwa Torleiv," anasema. "Njia ya kufika mlangoni kwake nimeifungua mimi miaka yote hii. Sitashindwa kubisha hodi."