Doa la Kijivu Kwenye Boneti

Baba alinunua gari akiwa ameshastaafu. Miaka yote aliyokuwa karani bandarini alikwenda kazini kwa baiskeli, na siku za Ijumaa, alipovaa kanzu, aliukunja upindo wake na kuubana kwa kibanio cha nguo usiingie kwenye mnyororo. Kwa hiyo gari lilipofika hakujua kwanza alifanyie nini. Lilikuwa dogo, la mtumba kutoka Japani, lenye rangi ya samawati iliyokolea kama wino. Alilizunguka mara tatu, kisha akaniita nitoke kwenye cherehani yangu.

"Njoo, mama," aliniambia. Aliniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na watu wazima wa ukoo walisema na sura yake pia. "Njoo ujione."

Akanisimamisha mbele ya mlango wa dereva. Kweli nilijiona, mzima mzima, na futikamba ikining'inia shingoni.

Nyumba yetu iko Chumbageni, si mbali na bahari, na anayeishi upande huo anajua chumvi inavyofanya kazi yake bila kelele. Bawaba za madirisha zinaota kutu. Sindano nikiisahau nje ya kopo, siku ya tatu inatia doa kwenye kitambaa. Baba alisema gari la Tanga haliuawi na barabara, linauawa na hewa. Akajipa kazi ya kulilinda.

Kila Ijumaa asubuhi, kabla jua halijafika uani, alijaza ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji. Alianza juu ya paa, akashuka kwenye vioo, boneti, milango, na magurudumu akayaacha mwisho, kwa kitambaa chake peke yake. Sabuni ya vyombo hakuitaka, alisema inaondoa nta. Kinyesi cha ndege hakukikwangua; alikifunika kwa kitambaa chenye maji, akangoja kilainike. Na kitu kilichomkasirisha kuliko vyote ni mtu kupitisha mkono kwenye gari lenye vumbi.

"Vumbi ni mchanga," alikuwa akisema, "na mchanga ni msasa."

Mara mbili kwa mwaka alipiga polishi, kisha nta juu yake ili chumvi isipate pa kushika. Alizungusha kitambaa taratibu, akaiacha nta ikauke iwe kama ukungu mweupe, ndipo akaifuta kwa fulana laini. Vitambaa vilikuwa kazi yangu; nilivikata kwenye nguo kuukuu, naye kila mara alinihoji.

"Hakuna kifungo humo?"

"Hakuna, baba."

"Zipu?"

"Hakuna."

"Na upindo?"

"Nimeukata."

Mama alikuwa bado hai siku zile. Alikaa barazani akichambua mchele na kusema, "Laiti sufuria zangu ungezisugua hivyo, ningekuwa bibi harusi mpaka leo." Baba alicheka bila kugeuka.

Mama alipofariki, baba aliosha gari Ijumaa, na Jumamosi akaliosha tena. Sikushangaa. Nilidhani ni majonzi, kwamba mtu aliyefiwa hutafuta kitu cha kushika mkononi. Hata alipoanza kuliosha kila siku nilimwacha aoshe. Kisha siku moja aliliosha asubuhi, tukanywa chai, akatoka uani, akarudi mlangoni pangu.

"Hivi gari nimeliosha leo?"

"Umeliosha, baba. Sasa hivi."

"Mbona chafu?"

Nilitoka kuangalia. Lilikuwa bado linachuruzika maji.

Haukupita muda mrefu akaenda mazikoni Tongoni, alikozaliwa. Alisema atarudi kabla ya alasiri. Alasiri ikapita. Jioni nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua, akaniambia wako mbali sana mbele ya Tongoni, katika njia ya Pangani, na kuna mzee amesimamisha gari kando ya barabara, anafuta vioo, na wakimuuliza anakwenda wapi anajibu kwamba anamalizia tu kufuta. Baba aliipita Tongoni. Aliyapita makaburi ya wazee wake na asiyaone.

Daktari alituambia maneno machache na ya upole. Akili ya mzee inachoka, na inapochoka hivi hairudi. Kuna vidonge, huenda vikapunguza mwendo. "Mtunzeni," alisema. "Msibishane naye." Niliuliza kama kuna jambo jingine la kufanya. Akarudia lilelile.

Funguo za gari nilizificha kwenye kopo la nyuzi. Nilijiandaa kwa ugomvi, nikajipangia hadi maneno ya kumjibu. Hakuziulizia hata siku moja. Alichouliza ni ndoo.

Kwa hiyo gari likawa haliendi popote, na linaoshwa mara mbili, mara tatu kwa siku. Polishi aliyozoea kupiga mara mbili kwa mwaka sasa aliipiga kila alipoliona kopo lake. Nami nilikuwa hapo hapo, dirisha la chumba changu cha kushonea linatazama uani. Nilikuwa nikimwona mkono wake unazunguka, unazunguka, mahali pamoja kwenye boneti, juu ya taa ya kushoto.

Kilianza kijidoa kidogo kama kifungo cha shati. Chini ya samawati ile palikuwa na rangi ya kijivu ambayo mafundi huipaka kwanza, na baba alikuwa ameila rangi ya juu hadi akaifikia. Kwake yeye kile kijivu kilikuwa uchafu.

"Unaliona hili?" aliniambia. "Halitoki."

"Baba, hiyo si taka. Ni rangi ya chini."

"Ya chini ya nini?"

"Ya gari. Umesugua ile ya juu imekwisha."

Alinitazama kwa huruma, kama anayemsikiliza mtoto akisema uongo mdogo. "Nani amekwambia mimi nasugua? Mimi nafuta tu."

Alisema kweli. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama zamani. Ni siku tu zilizokuwa nyingi. Na kadiri alivyofuta, doa lilizidi. Na kadiri doa lilivyozidi, alizidi kufuta. Likawa kama kisosi, likawa kama sahani. Nililitazama likikua kutoka dirishani kwangu, mguu wangu ukiwa kwenye kikanyagio cha cherehani.

Nilificha polishi, akatumia dawa ya meno. Nikaficha dawa ya meno, akaingia jikoni akachukua kumbi la nazi na majivu, kama alivyowaona wanawake wa kwao wakisugua vyungu. Nikanunua turubai la kufunika gari zima na kulifunga kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo. Nilipotoka kuanika nguo nikakuta kamba zote zimefunguliwa na kuviringwa vizuri, turubai limekunjwa mara nne, limewekwa kando ya bomba, na baba anafuta.

Nilimpigia simu kaka yangu Dar es Salaam. "Liuze," alisema. Nikamjibu, "Basi njoo ulichukue wewe, mbele ya macho yake." Hakuja, na sikumlaumu sana. Hata mimi niliyekuwa hapo sikuliweza.

Mwisho nikamwita fundi rangi, mtu mzima mwenye gereji yake mtaa wa pili. Aligonga boneti kwa vidole, akainama, akaisikiliza kama tabibu.

"Bati bado zima," alisema. "Nitapiga msasa, nitapaka upya, na juu yake ule utando wa kung'aa. Lakini mzee asiiguse mwezi mzima. Rangi mpya inaonekana imekauka, kumbe bado laini."

"Na akiigusa?"

Fundi alimtazama baba, ambaye wakati huo alikuwa anafuta mahali fundi alipogonga.

Siku mbili gari lilipokuwa gereji zilikuwa ndefu. Baba alilizunguka doa la oili lililobaki sakafuni, ndoo mkononi. "Wameliiba," aliniambia. "Liko kwa fundi, baba." Akashusha pumzi, akaketi. Baada ya dakika chache akasimama. "Mama, wameliiba."

Liliporudi, alilisogelea polepole. Alipitisha kiganja juu ya boneti bila kuigusa, kama mtu anayepima joto la jiko. "Hili ndilo," akasema. Nilimwona anatabasamu kwenye ile rangi, nami nikaona kama tumeshinda. Nilitia kufuli kwenye bomba. Nilimwekea kiti barazani, mgongo wake ukielekea uani. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu.

Siku ya nne nilikuwa namalizia gauni la harusi, lile la kushona shanga moja moja, ambalo ukiinua macho unapoteza hesabu. Nilisikia mkwaruzo. Nilidhani ni paka bandani. Ukaja tena, mrefu zaidi, wa chuma juu ya chuma.

Baba alikuwa amechukua jikoni kopo la maji na ile waya ya kusugulia sufuria. Doa halikuwapo tena, lakini mkono wake ulikumbuka mahali, juu ya taa ya kushoto, na rangi mpya ilikuwa inabanduka chini ya vidole vyake kama ganda la yai. Alikuwa ameshafika kwenye bati.

Nilimnyang'anya ile waya. Nilipiga kelele, mimi ambaye sikuwahi kuinua sauti mbele yake tangu nilipozaliwa.

"Basi, baba! Basi! Unataka nini na gari hili? Unataka nini?"

Alirudi nyuma hadi akagusa ukuta. Akajifuta mikono iliyolowa kwenye kikoi chake, haraka haraka, upande huu na upande ule. Kisha akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ndogo:

"Shikamoo."

Baba hamwamkii mwanawe. Nilisimama na waya mkononi, na ilinichukua muda kufahamu ni nani anayemwona. Alikuwa anamtazama mama yake, ambaye jina lake ninalo, na sura pia. Kama ningemwambia kwamba mimi ni binti yake, ningemtisha zaidi. Kama ningenyamaza, ningemwacha ukutani, amesalimu na hakuitikiwa.

"Marahaba," nikasema.

Aliniomba radhi. Aliiomba kwa Kimtang'ata, Kiswahili cha utoto wake Tongoni, ambacho sisi watoto hatukuzoea kumsikia akikisema nyumbani. Sikuyashika maneno yote. Nilishika tu kwamba hatarudia tena. Nikamshika mkono, nikamketisha barazani, nikamkausha vidole kimoja kimoja kwa upindo wa kanga yangu. Vilikuwa na chembechembe za samawati chini ya kucha.

Tangu siku hiyo niliacha kumzuia. Nilitupa waya zote za jikoni na nikalifungua bomba. Nilimkatia fulana laini, nikampa maji matupu bila sabuni, nami nikachukua ndoo ya pili tukaosha pamoja. Hakukumbuka alichokula mchana, lakini nilipoanzia mlangoni alinizuia mkono.

"Anza juu, mama. Maji machafu hayapandi."

Chumvi haikungoja. Pale bati lilipoachwa wazi pakawa pekundu, kisha pakavimba malengelenge, kisha pakatoboka. Fundi alipita siku moja, akachungulia juu ya ukuta, akatutazama sisi wawili na ndoo zetu, akatikisa kichwa, akaenda zake. Ningeweza kumwita. Ningemwambia nini? Baba alifuta kandokando ya tundu kwa uangalifu, kama mtu anayefuta kidonda. Nami usiku katika dua zangu niliomba, na sasa naona haya kulisema, niliomba achoke.

Mvua za masika zilipokuwa zinakaribia kwisha, Ijumaa moja nilitoka uani mapema, nikafungua bomba, nikaweka ndoo ya kwanza ijae. Kwa kawaida mlio ule ulimtoa kitandani. Hakutoka. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshavaa, vifungo vya shati vimepishana.

"Baba, leo hatuoshi gari?"

"Gari gani?"

Nilimfungua vifungo, nikamfunga upya. Nikamshika mkono hadi uani, nikamsimamisha mbele ya gari. Alilitazama kwa adabu, kama unavyotazama mali ya mwenyeji wako.

"La nani?" aliuliza.

"Lako, baba."

"Mashaallah," akasema. "Zuri." Halafu akauliza kama chai iko tayari.

Nilikwenda jikoni kubandika chai. Nilimkatia mkate, nikamtilia sukari, nikakaa naye barazani hadi akamaliza. Ndipo akainua kichwa, akasikiliza, akaniuliza kama hiyo ni mvua; na nikakumbuka kwamba bomba nililiacha wazi, na ndoo imejaa zamani, na maji yanamwagika uani.