Gad na Mama Aliyekuja Kuomba Kazi ya Miezi Sita

Kazini, Gad hakuzungumza Kiswahili hata kwa bahati mbaya. Alikuwa mkuu wa wafanyakazi katika ofisi moja ya serikali hapa Kamembe, Rwanda, mwaka wa 1999, na wakubwa wake walipenda kuwacheka waliokulia Kongo, eti wao ni watu wa muziki na makelele. Gad alikulia Bukavu, ng'ambo tu ya mpaka. Ukimuuliza, alibadilisha mazungumzo. Ujinga mtupu, lakini ndivyo alivyokuwa.

Basi mkuu wa kompyuta akaenda masomoni kwa miezi sita. Ofisi ilikuwa ikiandikisha familia zilizorudi kutoka ukimbizini, na mashine zilianza kupoteza majina ya watu. Gad akaambiwa atafute wa kushika nafasi ile kwa muda, tena mtu anayeijua kazi, si wa kujaribu-jaribu.

Siku ya mahojiano Gad alikaa kati ya mkurugenzi na Laurence, sekretari. Akaingia mama wa kitenge cha kijani, na Gad akamtambua mara moja. Maman Benitha! Huyu ndiye aliyemfundisha kompyuta bure kule Bukavu, kwenye ofisi ya misheni, tena akimpa mkate maana alijua nyumbani kwao hawajala. Vita vya mwaka uliopita vilimvusha daraja la mpakani na mzigo mmoja tu.

"Gad! Mutoto yangu!" mama akapaza sauti. "Yesu! Umekuwa mukubwa hivi? Mama yako iko?"

Mkurugenzi akacheka. Gad akainamia karatasi, akajibu kwa Kifaransa kikavu, "Bibi, umenifananisha. Mimi sikujui."

Mama akavuta kiti, akajibu maswali yote kwa Kifaransa kizuri kuliko chao, akaeleza jinsi ya kuyaokoa majina yale. Alipotoka, mkurugenzi akasema, "Huyu huyu, aanze kesho." Gad akatia saini, haya imemjaa hadi masikioni.

Alhamisi mama yake Gad akarudi kutoka sokoni, alikosikia habari, akipiga vigelegele. "We Gad! Maman Benitha iko kwenu ku biro, munafanya kazi pamoja, na hauniambie? Jumapili ninapika foufou ya muhogo na samaki ya sambaza. Umulete!"

Kesho yake asubuhi, kazini, Gad akasimama mlangoni pa chumba cha Maman Benitha kama mtoto aliyevunja chungu. "Maman, unisamehe," akasema kwa Kiswahili, cha kwanza ndani ya ofisi ile. "Nilisikia haya mbele ya bakubwa. Mama anakuita, Jumapili."

Maman Benitha hakuinua macho. Akamjibu kwa Kifaransa. "Nitakuja, bwana mkuu. Ila kwa nini hatufahamiani, utamweleza mama yako wewe mwenyewe."

Jumapili wale mama wawili walikumbatiana, wakalia, wakacheka. Chakula kikawekwa. Gad akasema yote, jinsi alivyomkana mgeni mbele ya wakubwa, bila kujitetea.

Mama yake hakupiga kelele. Alichukua sahani ya Gad, akaisogeza mbele ya mgeni.

"Kula, dada," akasema. "Huyu kijana hatumujue."