Umri wa Ufa

Awino alikuwa mke wa pili, na kosa alilolaumiwa nalo maisha yake yote lilikuwa kupanda mtama siku tatu mapema. Mtu wa mbali atacheka. Lakini katika boma la Waluo mke mkubwa ndiye anayetangulia kutia mbegu ardhini. Mdogo humngoja, hata mvua ikimiminika. Mwaka wa themanini na nane, mke mwenzake Rispa alikuwa amelazwa hospitalini Homa Bay, mvua ikaanza, na Awino hakuweza kuitazama ikipita bure. Akapanda. Rispa akafa mwezi uo huo, na mume wao akafuata kabla ya mwaka kwisha. Kisha ardhi ikapasuka katikati ya boma, kutoka chooni hadi kwenye ukuta wa nyumba ya Awino.

Shemeji yake Job akapata alichokuwa akikitafuta. Alisema ni chira, laana ya aliyevunja mwiko, na kila ufa ulipopanuka alilirudia neno hilo kwa sauti ya mtu mwenye majonzi. Majonzi gani! Job alilimezea mate shamba lile tangu kaka yake akiwa hai. Awino hakuwa na mwana wa kiume wa kumtetea, na Phanice, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa mbali. Kwa hiyo alivumilia miaka tisa, akiukandika ufa kila ulipofunguka.

Boma lilikuwa chini ya ukuta mrefu wa vilima, mwendo wa asubuhi nzima kutoka soko la Kosele. Septemba ya tisini na saba akaja Nyabuto, msomi wa miamba, Mkisii mpole mwenye nyundo kiunoni. Alichimbisha mtaro wa kuukata ule ufa, mrefu kwenda chini kupita kimo cha mtu, akamwita Awino aliyekuwa akiwapikia wachimbaji.

"Angalia hapa, mama. Hii udongo nyeusi ilikuwa juu, watu wakitembea hapo. Ardhi ikavunjika, upande mmoja ukashuka, ikafunikwa. Iko na vipande vya mkaa ndani. Tukipima huo mkaa, tutajua ardhi ilivunjika lini."

"Kabla mimi niolewe hapa?"

"Kabla ya babu ya babu yako, nafikiri. Lakini siwezi kusema mpaka ipimwe."

"Ikipimwa utaandika barua? Isomwe mbele ya Job na naibu wa chifu?"

"Nitaandika."

Awino alilia palepale mtaroni, mbele ya wachimbaji, wala hakuona haya.

Nyabuto alijaza mifuko minne ya udongo ule mweusi, akamwomba amwekee pakavu kwa siku tano, yeye ateremke hadi Suna kwa kazi nyingine. Siku tano zikawa wiki sita. Mvua za mwaka ule hazikuwa mvua za kawaida. Zilisomba madaraja, na mtaro wenyewe ukafukiwa na mporomoko wa mlima. Sasa mifuko ile ndiyo ilikuwa kila kitu. Awino alipoichungulia, akakuta ukungu mweupe umeota na siafu wanaingia. Akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwao angekifanya kwa kitu cha thamani kisichotakiwa kuoza: alichota majivu jikoni, akayachanganya na ule udongo kama anavyochanganya na mbegu ili fukusi wasizile. Nyabuto alipokaribia kurudi, akaupepeta kwenye ungo hadi majivu yote yakaruka. Chenga za mkaa wa jikoni hazikuruka. Nani angezitofautisha na zile za zamani? Nyabuto akaichukua mifuko, naye Awino hakuona la kumweleza.

Barua ilifika Agosti iliyofuata. Naibu wa chifu aliisoma kwa sauti uani, Job akiwa ameketi kiti cha mbele. Mkaa ule, Nyabuto aliandika, haukufikisha miaka thelathini. Jambo hilo lilimshangaza, na kama kuna kitu kilichoingia mifukoni, tafadhali ajulishwe, ingawa mtaro haupo tena na kazi yao imefungwa.

"Min Phanice," Job aliuliza polepole, akimwita mama wa binti yake kwa Kijaluo, "uliolewa hapa mwaka gani?"

"Sitini na nne."

Watu wakahesabu vidoleni: ardhi ilivunjika Awino akiwa tayari mke wa boma lile. Hapo ndipo Awino alipoelewa.

"Niliweka majivu," alisema. "Udongo ulikuwa unaoza. Niliweka majivu ya jiko langu."

"Hata ile mwaka ulipanda ulikuwa na sababu," Job akajibu. "Sasa msomi amepima kwa mashine, bado uko na sababu?"

Hakuna aliyemtetea. Mimi ningekuwapo ningepiga kelele, lakini kelele zingesaidia nini? Ushahidi alikuwa ameuharibu kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuutunza.

Januari alimwachia Job shamba, akahamia huko Suna kwa mtoto wa kaka yake, na kibuyu kimoja cha mbegu. Mvua ilipoanza, mke wa kijana huyo, Emmaculate, alimwonyesha kipande cha shamba nyuma ya nyumba.

"Shangazi, ardhi iko tayari. Utapanda lini?"

"Nyinyi mkimaliza."

Walimaliza. Akauliza majirani kama nao wamemaliza, akaambiwa bado mmoja. Akangoja. Mvua ikakatika, na mbegu za Awino zingali kibuyuni, ndani ya majivu yake.