Udongo wa Nyuma ya Nyumba

Juzi fundi anayenijengea nyumba huku Kihonda aliniambia kifusi cha sakafu atakichimba hapo hapo nyuma, ya nini kukodi lori. Nilimkatalia hata kabla hajamaliza. Alinishangaa, maana kiwanja chenyewe ni tambarare. Ngoja nikueleze, ndugu yangu.

Nililelewa na bibi, mzaa mama, kule juu Mgeta, ambako nyumba zimeung'ang'ania mlima kwa kucha. Nilipofika darasa la nne aliamua niongezewe chumba upande wa nyuma. Majirani wakaja. Wanaume walisimika nguzo na kufunga fito kwa kamba za mgomba, akina mama wakapika maharage na kabichi, na sisi watoto tukapewa kazi tamu kuliko zote, kukanyaga udongo. Matope yale ya baridi yakipenya katikati ya vidole, huku tunaimba na kurushiana, nayakumbuka kuliko masomo yote ya mwaka ule.

Udongo tuliutoa mtoni, wa kijivu, unaonata. Bibi alikuwa na katazo moja tu: nyuma ya nyumba hapachimbwi. Huko mlima ulisimama wima, na masika yaliyotangulia mlima kama huo ulifukia banda la jirani na mbuzi wake wote. Lakini siku ya mwisho nilibakiziwa kona moja niikandike mwenyewe. Bibi alikuwa gulioni, ndoo nzito, mteremko wa mtoni mkali. Nikachukua jembe, nikachimba nyuma ya nyumba mpaka likawa shimo la kuweza kuingia nikakaa. Nikaliziba kwa majani ya mgomba.

Chumba kilipokauka, bibi akasema atalala yeye humo, mimi nibaki cha mbele. Nilinuna siku mbili nzima.

Kisha masika yakaingia, na hofu nayo ikaingia. Mvua ya kule ikishaanza haina haraka ya kwenda popote. Majani yalisombwa, na mdomo wa shimo ukawa unapanuka. Niliogopa nikila, niliogopa darasani. Mwalimu aliniuliza saba mara nane, nikajibu "mvua". Alfajiri nilikuwa nakodoa macho nikisubiri kikohozi cha bibi, ndipo nithubutu kuinuka. Kusema nilishindwa. Kwanza niliogopa kuchapwa, halafu nikaanza kuamini kwamba nikitamka tu, mlima utasikia.

Jumamosi moja mchana tulikuwa tunamenya njegere jikoni. Bonge la udongo likaanguka nyuma, puu! Nikapiga yowe.

"Bibi, hama kile chumba! Ni mimi niliyechimba!"

Hakuinua uso. "Najua. Kona yako imekauka nyekundu. Udongo wa mtoni umekuwa mwekundu lini?"

"Mbona hukunichapa?"

"Nikikuchapa shimo linajaa? Mlima umeshalowa, haugusiki. Jua likitoka tutalijaza mawe."

"Basi tulale wote mbele."

"Mbele panaenea kitanda kimoja, tena cha mtoto; ulipokuwa mdogo tulienea, sasa umerefuka. Kwa jirani ndiyo kabisa, wamelala mpaka jikoni. Mmoja wetu lazima alale kule nyuma, mjukuu wangu. Ulitaka awe nani?"

Ndipo nikaona njegere zinavyomponyoka vidoleni. Kumbe naye alikuwa anaogopa. Nililia mpaka nikakaukiwa sauti, na hofu haikupungua hata kidogo.

Mlima ulivumilia masika yale. Kiangazi majirani walibeba mawe wakalijaza shimo, na bibi akaendelea kulala chumba kile mpaka uzee ulipomchukua. Nyumba imesharudi kuwa udongo. Kule juu siku hizi ni matofali na bati, na watoto hawaitwi tena kukanyaga matope.

Mimi ni mtu mzima, nina wanangu. Ila wingu zito likitanda juu ya Uluguru, naogopa kama mtoto wa darasa la nne, na hakuna tena mtu wa kulala kati yangu na mlima.